Serikali Ilipoalikwa Kulima

Ulikuwa mwaka wa ugali mweusi. Mtu wa rika langu hapa Ufipa ukimuuliza mambo haya yalitokea lini, hatakutajia tarakimu. Atakwambia ni mwaka ule tuliporudi kwenye ulezi. Ruzuku ya mbolea ilikuwa imeondolewa, mfuko mmoja ukawa bei ya ndama, na mahindi bila mbolea yakaishia magotini, ya njano kama mtu mwenye manjano. Machache yaliyokomaa yalipakiwa kwenye malori ya wafanyabiashara yakaenda zake. Sisi tukasonga ulezi asubuhi, tukasonga ulezi jioni, kwa maharage yakiwapo, kwa majani ya maboga yasipokuwapo, na Jumapili dagaa wa Kasanga, wa kunusa zaidi ya kula. Watoto wangu walikuja kuniambia kwa hofu kwamba hata choo wanachokwenda kimekuwa cheusi.

Ajabu ni kwamba mwaka huohuo maduka ya Sumbawanga yalifurika. Sisi tuliowahi kupanga foleni kwa kipande cha sabuni tuliona sabuni za kila rangi, biskuti, mafuta ya kula kwenye madumu, khanga zinazotundikwa mpaka barazani. Soko huria, redio ilisema. Mume wangu akatafsiri: huria maana yake kila mtu na lake. Kila kitu kilikuwapo isipokuwa cha kununulia. Hata hospitali, ambako zamani tuliingia bure hata kama dawa hakuna, sasa palikuwa pa kuchangia.

Na katika mwaka huo mama mkwe wangu alikuwa anapofuka.

Nimueleze, maana wajukuu wangu wanamjua kwa picha moja tu, tena kwenye picha amenuna. Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, mikono imekomaa kama mizizi, mdomo wembe. Siku nilipoletwa kwake bibi harusi alinishika mkono, akaugeuza kiganja, akawaambia shangazi zangu, "Hiki hakijashika jembe. Kimeshika kioo." Nililia siku hiyo. Mwaka uliofuata nilikuwa nalima kuliko shangazi zangu wote, na mpaka leo, katika uzee huu, hakuna mkwe wangu anayenishinda. Nasema kwa majivuno na sitaki mtu anisahihishe.

Macho yake yalianza kama ukungu wa asubuhi. Mtoto wa jicho, la kulia kwanza, kisha la kushoto. Yeye hakukubali. "Siku hizi jua linachelewa," anasema. Au, "Mke wa mwanangu, moshi wa jikoni kwako umezidi, unapika kuni gani?" Mboga anaitia chumvi mara mbili, tunakula, tunanyamaza. Watu aliwajua kwa kikohozi. Akisalimiwa na mtu asiyekohoa anajibu "Marahaba" halafu ananong'ona, "Nani huyo?"

Shambani usingejua kabisa kama haoni, kwa sababu ya ntumba. Mfipa hahitaji kuelezwa, lakini kwa mgeni niseme: mwisho wa masika, nyasi zikiwa ndefu, unakata udongo vipande pamoja na nyasi zake, unavipindua, unavipanga mviringo, nyasi ndani udongo nje, mpaka tuta lisimame kama kofia. Nyasi zinaozea humo ndani, ndiyo mbolea yenyewe. Wakati wa mbolea ya duka vijana walicheka ntumba kwamba ni za washamba. Mwaka wa ugali mweusi walizirudia wameinamisha vichwa. Mama mkwe hakuwahi kuziacha. "Mbolea ya duka ni mgeni," alikuwa akisema. "Mgeni anakula, anaaga." Sasa anapanga matuta kwa kupapasa, nyayo zinamwonyesha lilipoishia hili na linapoanza lile, na mstari wake wa matuta ulinyooka kuliko wa mume wangu anayeona.

Ndipo likaja tangazo kutoka wilayani. Madaktari wa macho watakuja hospitali ya mjini baada ya Pasaka, wiki moja tu. Wazee wasiojiweza watapasuliwa bila kuchangia chochote. Wajitokeze mkutanoni Jumapili baada ya misa, kijiji kiwatambue.

Tangazo lilikuwa la Kiswahili, na balozi wetu wa nyumba kumi alitakiwa kulitembeza mlango kwa mlango kwa Kifipa. Balozi alikuwa mtu mwema sana na mwenye haraka sana. Alipofika kwenye neno "asiyejiweza" akachukua neno la kwanza alilolikuta mdomoni, lile tunalolisema juu ya mgonjwa anayegeuzwa kitandani na kufuliwa mashuka. Akasimama uani kwetu, akatangaza kwa sauti ya kanisani:

"Wazee wote mnaogeuzwa kitandani, Jumapili mje mkutanoni kwa miguu yenu!"

Mama mkwe alikuwa anapepeta ulezi. Ungo ukasimama hewani.

"Balozi, anayegeuzwa kitandani atakujaje kwa miguu?"

"Ndivyo serikali ilivyosema, mama."

"Basi serikali nayo inageuzwa kitandani."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaona tulichokuwa tunakipoteza. Mahindi ya kuuza hatukuwa nayo, ng'ombe hatukuwa naye. Wiki hiyo ya madaktari ikipita, mama huyu atakufa bila kuniona tena uso, na hatakubali kamwe kwamba haoni. Nikamwambia mume wangu, "Jumapili mama ataenda, hata kwa kubebwa." Akanijibu, "Umbebe wewe." Mume wangu alimwogopa mama yake mpaka mwisho wa uhai wake.

Alikwenda, lakini kwa sababu anapenda mikutano. Alishika ncha ya khanga yangu, akajifanya ananisindikiza mimi. Tulikuta mtendaji wa kijiji amesimama mbele, na pembeni yake mama mmoja kijana, mrefu, viatu vya vumbi, aliyetumwa na ustawi wa jamii. Baadaye wanawake tulimwita Bibi Ustawi, kama tulivyokuwa tukisema Bwana Shamba na Bwana Afya, na jina likamganda. Jambo la kwanza lililonivutia kwake ni kwamba alipofika mbele ya wazee alichuchumaa akapiga makofi taratibu, kama tunavyosalimu sisi. Hakuwa Mfipa. Kuna mtu alimuuliza njiani jinsi ya kusalimu, na yeye akajali kujifunza.

Mtendaji akasema, "Wasiojiweza wapite mbele, wakae upande huu, mkutano uwathibitishe kwa kunyoosha mikono."

Hakuna aliyeinuka. Kijiji kile kilikuwa kimejaa wazee wenye magongo, vikohozi, na magoti yanayolia kama milango, na hakuna hata mmoja aliyeinuka. Mtendaji akarudia kwa Kiswahili cha kubembeleza. Mzee mmoja jirani wa kanisa, mcheshi, ambaye meno yake yote yalikuwa yameshahama, akasimama kwa gongo lake.

"Bwana mtendaji, mke wangu yule pale. Kabla hujaniandika mbele za watu kwamba sijiwezi, muulize yeye."

Wanawake tulilala chini kwa kicheko. Mke wake akajifunika khanga usoni akasema, "Mimi sijaulizwa, na nikiulizwa sisemi!" Kicheko kikaanza upya. Hata mtendaji alicheka, ila Bibi Ustawi hakucheka sana. Nilimwona anatazama huku na huku kama mtu aliyedondosha kitu. Kisha akamwona mama mkwe, yale macho yaliyogeuka maziwa.

"Bibi, shikamoo. Macho yako yana muda gani hivyo?"

"Marahaba. Macho yangu yamefanya nini?"

Mtendaji akaingilia, kwa nia njema, ndiyo maana akaharibu. "Mama huyu kila mtu anamjua. Tumwandike kwa wasiojiweza. Wanaokubali wanyooshe mikono."

Mama mkwe akaachia khanga yangu.

"Atakayenyoosha mkono, kesho aje shambani kwangu tushindane matuta. Akinishinda, mniandike."

Basi. Mikono ilibaki mapajani. Walimwogopa, na walimheshimu, na wengine walijua kwamba kweli atawashinda. Tulirudi nyumbani yeye ameridhika kabisa, ananiimbia wimbo wa Kwaresima njia nzima, na mimi moyo umejaa mawe.

Kesho yake asubuhi tuko shambani mimi naye, nikamwona mtu anashuka bondeni kwa miguu, viatu mkononi. Bibi Ustawi. Nikadhani amekuja kuhubiri. Akachuchumaa, akapiga makofi, akasema, "Bibi, nimekuja kushindana."

Mama mkwe akasimamisha jembe lake. Halafu akanyoosha mkono kuelekea kwangu. "Mpe jembe lako."

Nilitegemea aibu. Wale watu wa ofisi tuliwazoea: wanashika jembe, wanapigwa picha, wanaomba maji. Huyu alilima. Alilima vizuri, mgongo umekaa, pumzi haikatiki. Ila hakuinua tuta. Alichimba shimo, akalaza nyasi pembeni pande zote, akazifunika udongo. Kwao, alisema, upande wa Mbinga milimani, ndivyo mama yake alivyomfundisha: mashimo, si matuta.

Mama mkwe akapiga magoti akapapasa kazi ile yote, ukingo kwa ukingo, akizamisha vidole kuona kama nyasi zimelala sawasawa.

"Kwenu mnalima kinyume," akasema. "Lakini nyasi umezifunika. Mama yako hakula bure."

Kwa mdomo ule, hiyo ilikuwa nishani. Tukakaa, tukanywa togwa. Bibi Ustawi hakugusa habari ya macho. Aliuliza habari za kulima: hapa mnaalikanaje? Mama mkwe akapenda swali. Akamweleza kwamba ukiwa na shamba kubwa kuliko mikono yako, unapika pombe ya ulezi, unaalika majirani, wanakuja na majembe, mnalima, mnakunywa, na kesho ukialikwa kwao unakwenda.

"Wale wanaokuja, bibi, wanasema wewe hujiwezi?"

"Wasemeje? Wanakuja kwa sababu mimi nililima kwao. Ni zamu."

Bibi Ustawi akazungusha kibuyu cha togwa mikononi mwake. "Na serikali, bibi. Uliwahi kulima kwake?"

Nilimwona mama mkwe anafungua mdomo ajibu kwa wembe, halafu haufungi. Kisha akaanza kusema, pole pole, si kwa Bibi Ustawi tena, kama mtu anayepapasa vitu gizani anavitambua. Barabara ya kwenda Mollo, walichimba mitaro yake wanawake, yeye akiwa na mimba ya mume wangu. Shule ile ya bati, matofali alifyatua yeye. Shamba la ujamaa alilima. Mahindi ya chama cha ushirika alibeba kichwani akapokewa kwa maneno matamu. Kodi walilipa. Mwenge ulipopita alipika.

"Nililima kwake mpaka jembe likaisha makali," akasema.

"Basi si wewe usiyejiweza, bibi. Ni serikali yenye zamu. Ialike."

Nimeishi miaka mingi, nimesikiliza mapadri, wabunge na waganga. Sijasikia tena mtu akimfungua mwenzake kwa maneno machache hivyo. Mama mkwe alimaliza togwa yake. Halafu akatafuta jembe lake kwa mkono, akasimama, akasema, "Hiyo pombe nitapika. Lakini ulezi wenyewe mwaka huu si wa kuchezea, isije serikali nzima."

Jumapili iliyofuata, ya Matawi, mkutano ukakaa tena. Safari hii hakushika khanga yangu. Alisimama pale pale alipokuwa, tawi la mtende mkononi, akageukia sauti ya mtendaji.

"Serikali ilinialika nikalima. Sasa mimi nimeialika. Anayekumbuka kwamba nililima, anyooshe mkono."

Mikono ilipanda kama mahindi ya zamani. Yule mzee mcheshi alinyoosha yote miwili, gongo likaanguka, akashikwa na mke wake. Halafu akiwa bado ameshikiliwa akapaza sauti, "Hata mimi nililima! Lile bwawa nililichimba mimi, meno yangu yaliishia pale!" Na bibi mwingine, "Na mimi!" Na mwingine. Wale wale waliogandia chini Jumapili iliyopita sasa walikuwa wanasukumana kupita mbele, kila mmoja na mtaro wake, tofali lake, gunia lake.

Mtendaji jasho lilimtoka. Akamgeukia Bibi Ustawi. "Sasa niandike nini?"

"Andika wazee."

"Na nani ana cha kuchangia na nani hana?"

"Hilo nitawauliza nyumbani kwao," akasema Bibi Ustawi. "Mtu haulizwi umaskini wake mbele za watu."

Na kweli alizunguka, nyumba kwa nyumba, juma zima. Walionacho aliwaambia kwa upole wachangie. Wasionacho hakuna jirani aliyewajua. Huyo ndiye mtumishi wa serikali ninayemkumbuka mimi ninapoambiwa serikali haina macho.

Baada ya Pasaka tulipanda lori la mahindi, wazee juu ya magunia kama maaskofu. Tulifikia Kizwite, pale pale mjini, kwa mdogo wangu. Hospitalini hakuna aliyetuuliza neno lile baya, walisoma "mzee", wakampa kitanda. Walimpasua jicho la kulia, wakalifunga. Siku ya kufungua nilikuwa nimesimama mbele yake, nimevaa khanga yangu nzuri kwa ajili hiyo. Nesi akaondoa bandeji. Mama mkwe akapepesa, akanitazama, akanitazama tena, machozi yakamtoka. Akasema, "Mke wa mwanangu. Umezeeka lini hivi?"

Nililia nikicheka, wodi nzima ikacheka. Tulipopita sokoni akaona vilima vya mitumba vimemwagwa chini, suruali, makoti, viatu vya kila aina, kitu ambacho hakuwahi kukiona akiwa na macho. Akanishika mkono. "Wamekufa wangapi?" Nikamwambia hawajafa mama, ni Wazungu wamechoka nguo zao. Hakuniamini. Alipiga ishara ya msalaba tukapita.

Leo mimi mwenyewe ndiye bibi, nina wajukuu, wawili wameshafika chuo. Nikienda hospitali nakuta dirisha limeandikwa "Mpishe mzee apate huduma kwanza", na vijana wananipisha, mambo yao ya simu mkononi. Siinamishi kichwa nikipita. Nimefundishwa kupita. Najua watu hulalamika dawa hazipo, foleni, na mimi nalalamika kwa sauti kuliko wote. Lakini kupishwa kule nakuona kitu kikubwa, na nilikuwapo kulipokuwa hakuna.

Aliporudi kijijini watu walikuja kuliona jicho jipya. Akaja pia bibi mmoja wa Kisukuma, wa ile familia iliyokuwa imehamia ng'ambo ya kijito na ng'ombe wao. Alileta maziwa kwenye kibuyu, akipapasa njia kwa fimbo, akatusalimu "Mwangaluka". Mama mkwe hakujua Kisukuma, yule hakujua Kifipa, na Kiswahili wote wawili walikivunja. Lakini nilimwona mama mkwe anamtazama yale macho yaliyogeuka maziwa kama yake ya jana, muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Tangu siku hiyo maziwa yakawa yanakuja, na maharage yetu yakawa yanavuka kijito.

Mwaka uliofuata, mahindi yalikuwa yameanza kujitahidi tena kwa walioweza, pikipiki ikasimama uani kwetu. Mtendaji, na nyuma yake Bibi Ustawi, mweupe kwa vumbi. Mama mkwe alikuwa anapukuchua maharage. Alimwona Bibi Ustawi kutoka mbali, kwa jicho lake mwenyewe, na akafurahi mno, akamwambia amekonda.

"Bibi, madaktari wanarudi," Bibi Ustawi akasema. "Kijiji hiki kina nafasi moja iliyobaki. Tumekuja kwa jicho lako la pili."

Mimi nilikuwa nimeshasimama, nawaza khanga ya kuvaa. Mama mkwe hakuinua kichwa kutoka kwenye maharage.

"Sitaki. Kwangu mmeshalima. Nendeni kwa jirani."

"Jirani yupi?" mtendaji akauliza.

Akaelekeza kwa kidevu, ng'ambo ya kijito. Mtendaji akageuka akatazama, akarudisha uso umekunjamana.

"Yule? Mama, yule ni mgeni, amekuja juzi na ng'ombe. Kijiji hiki hajakilimia hata tuta moja. Nani atamnyooshea mkono?"

Nikaingia mimi, siwezi kukaa kimya. "Mama, jicho si unga wa kugawia watu. Hilo la kulia likichoka je? Nani atakuongoza?"

"Nina mke wa mwanangu," akasema.

Bibi Ustawi akachuchumaa mbele yake, karibu kabisa. Akamuuliza taratibu kama amelifikiri vizuri, maana nafasi ikipita imepita, na hakuna ajuaye mwakani. Mama mkwe akaweka ungo chini. Akapangusa mikono kwenye khanga. Akatutazama mmoja mmoja kwa jicho lile moja, mtendaji, mimi, kisha yule binti wa Mbinga, na akasema kwa sauti ya mtu anayewasemesha viziwi:

"Sitaki. Kwangu mmeshalima. Nendeni kwa jirani."